Mwanangu anaandika habari za Charles Goodnight: nimwambie nini?

"Mwalimu, shikamoo. Nimezaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, na sasa naishi Amarillo, Texas, ambako nafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Mwanangu wa darasa la saba amepewa kazi ya kuandika maisha ya Charles Goodnight. Karatasi aliyopewa inasema mzee huyo alikuja huku kukiwa hakuna mtu, mikono mitupu, akawa na ng'ombe 100,000 na akaanzisha mji wenye jina lake. Mji wenyewe nimeupita mara nyingi kwa gari: nyumba chache, makaburi, basi. Marehemu baba alikuwa na ng'ombe 60, vita ikawamaliza usiku mmoja, kwa hiyo habari ya mtu kuanza na sifuri inanigusa sana. Je, ni kweli? La pili: rafiki yangu Mtanzania, mwenyeji wa Kasulu, ananiomba nimtumie pesa anunue ng'ombe, yeye achunge, tugawane. Nina akiba ya miaka minne. Nikimtazama Goodnight natamani kukubali. Unanishauri nini?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa ng'ombe wa mzee. Umeuliza mawili, lakini naona mzizi wake ni mmoja: mtu asiye na kitu hupataje kundi, na kundi hilo mwisho wake huwa la nani? Mimi ni mtu wa historia ya ufugaji, si mwanasheria wala daktari wa mifugo, na mpaka huo nitauheshimu. Ila maisha ya Goodnight yana jibu la swali lako la pili, na jibu hilo si lile unalolitarajia.

Nianze na mji, maana hapo sina mengi. Goodnight, Texas, ulizaliwa na reli. Mwaka 1887 reli ya Fort Worth and Denver City ilipokatiza kaunti ya Armstrong, mzee huyu alikuwa ndiyo kwanza ameachana na ushirika wake wa zamani. Alichukua ardhi pale, akajenga nyumba ya ghorofa ambayo ipo hadi leo, na makazi yakakua kuzunguka kituo cha treni. Mwaka 1898 yeye na mkewe wakafungua chuo kidogo kwa ajili ya vijana wa wafugaji. Chuo kilikuja kufungwa, biashara ikavutwa na Amarillo, na ndiyo maana unapita nyumba chache. Kwa hiyo mwanao hatakosea akiandika kwamba Goodnight aliuanzisha mji, mradi aandike pia kwamba treni ndiyo iliyouleta.

Sasa hilo la mikono mitupu. Charles Goodnight alizaliwa tarehe 5 Machi 1836 huko Illinois, baba yake akafa yeye akiwa mtoto mdogo, mama akaolewa tena, na familia ikahamia Texas akiwa na umri wa miaka 9 au 10. Shule aliionja kwa miezi tu. Mwaka 1856, kijana wa miaka 20, yeye na ndugu yake wa kambo Wes Sheek walikubaliana na mwenye mali kuchunga ng'ombe wapatao 400 kwa miaka 10. Ujira wao haukuwa pesa. Katika kila ndama wanne, mmoja alikuwa wao.

Wewe wa Uvira huhitaji kufundishwa jambo hili. Ng'ambo ya ziwa, Burundi na Buha (nchi ya Waha, huko Kasulu), watu wamepeana ng'ombe kwa utaratibu wa ubugabire tangu zamani: mwenye kundi anampa asiye nalo, huyu anachunga, anakunywa maziwa, na kizazi kinagawanywa kwa desturi. Goodnight hakuanza na sifuri. Alianza na ng'ombe wa mtu mwingine, kwa makubaliano ambayo baba yako angeyaelewa bila mkalimani.

Piga hesabu uone ugumu wake. Chukulia ndama 100 wamesalimika mwaka huo. Wachungaji wawili wanapata 25, yaani 12 na nusu kila mmoja. Nusu ya hao ni madume. Mitamba iliyobaki itazaa baada ya miaka mitatu hivi, ikiwa haikuibiwa, haikuugua na haikukumbwa na kiangazi. Kundi la namna hii linatambaa kwa miaka kadhaa kabla halijasimama. Goodnight alisubiri miaka 10, na katikati yake kukawa na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Vita ilipokwisha mwaka 1865, Texas ilijaa ng'ombe wasio na mnunuzi. Alikuwa na mali kwa macho, mfukoni hana kitu.

Kilichomtoa hapo ni soko. Mwaka 1866 aliungana na mzee mmoja mzoefu, Oliver Loving, wakakusanya ng'ombe 2,000 na wanaume 18, wakaelekea magharibi badala ya kaskazini walikokwenda wengine. Kabla ya kuondoka, Goodnight alichukua gari la kukokotwa lililokuwa la jeshi, akalifunga nyuma kabati lenye droo na ubao unaokunjuliwa kuwa meza. Mle mpishi aliweka unga, maharage, kahawa na dawa. Jiko hilo la safari likaenea katika nchi nzima ya wafugaji, na mwanao bila shaka ameshaona picha yake. Safari yenyewe ilikuwa na kipande cha karibu maili 80 bila tone la maji, hadi mto Pecos. Ng'ombe walitembea mchana na usiku, ndimi nje, na walipousikia mto kwa pua zao walitimka. Mamia walikufa kwa kiu au kuzama.

Wengi wa waliofika waliuzwa kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sumner, New Mexico, kwa senti 8 kwa ratili ya ng'ombe hai, na Goodnight akarudi na dola 12,000 za dhahabu. Hapa naomba msome taratibu, wewe na mwanao. Jeshi la Marekani lilinunua kwa bei hiyo kwa sababu lilikuwa limewafungia Bosque Redondo, hapo hapo Fort Sumner, maelfu ya Wanavajo na Waapache, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliohamishwa kwao kwa nguvu. Mazao yao yalikuwa yameharibika na njaa imewashika. Utajiri wa kwanza wa Goodnight ulitokana na mgawo wa chakula wa kambi. Wewe uliyepanga foleni ya mgawo Nyarugusu unajua nazungumzia nini.

Mwaka uliofuata Loving alijeruhiwa njiani na Wacomanche, watu wengine wa asili, akafia Fort Sumner mwezi Septemba 1867. Alimwomba mwenzake asimwache kwenye ardhi ya ugeni. Goodnight akausafirisha mwili hadi Weatherford, Texas, na akaendelea kuigawia familia ya marehemu faida ya biashara waliyoianza pamoja. Hili nalihesabu kuwa tendo bora kuliko yote maishani mwake.

Na katika safari hizo alikuwapo Bose Ikard. Alizaliwa mtumwa Mississippi, akawa huru baada ya vita, akapanda farasi pamoja na Goodnight kwa miaka minne. Yeye ndiye aliyekabidhiwa pesa. Nchi ikiwa haina benki, mfuko wa dhahabu ulilala na Ikard, kwa hoja kwamba mwizi hangefikiri kumpekua mtu mweusi. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight mwenyewe alimwekea jiwe la kaburi lenye maneno ya sifa kuhusu kazi yake na uaminifu wake. Sifa hizo ni za kweli. Ni kweli pia kwamba hakuna mji wa Ikard. Kama karatasi ya shule haimtaji, mwanao amtaje.

Baada ya hapo mzee wetu alifilisika. Alikuwa amehamia Colorado, akamwoa Molly Dyer mwaka 1870, akaweka pesa kwenye benki na majengo ya Pueblo. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1873 ukafagia karibu vyote, na malisho nayo yalikuwa yamechoka kwa kulishwa kupita kiasi. Akiwa na miaka 40 akakusanya ng'ombe 1,600 waliosalia, akawaswaga kurudi Texas, hadi korongo la Palo Duro, hapo jirani yako.

Karatasi inasema hakukuwa na mtu. Basi mwambie mwanao kuhusu paa. Mwaka 1876 Goodnight alipoingia korongoni alichimba nyumba ya kwanza ubavuni mwa ardhi, na kwa boriti za paa akatumia miti ya mahema ya Wacomanche iliyokuwa imeachwa pale. Hebu fikiri: miti iliyochongwa, yenye urefu uliokwishapimwa, imelala tu chini. Wenyewe wameenda wapi? Miaka miwili kabla, tarehe 28 Septemba 1874, kikosi cha Kanali Ranald Mackenzie kilishuka korongoni alfajiri, kikachoma mahema na akiba ya chakula cha majira ya baridi. Kisha kikapiga risasi zaidi ya farasi 1,000 waliotekwa, ili watu wasiweze tena kuhama wala kuwinda. Waliobaki walitembea kwa miguu hadi kambi ya jeshi ya Fort Sill kujisalimisha. Ardhi ilikuwa tupu kama vile nyumba ya baba yako ilivyokuwa tupu asubuhi ile.

Goodnight hakuwamo katika shambulio hilo. Ila alikuwa amewahi kuwa mpelelezi wa walinzi wa mpakani waliopigana na watu haohao, na mwaka 1860 alifuata nyayo zilizofikisha kikosi kwenye kambi alikotwaliwa Cynthia Ann Parker, mzungu aliyelelewa na Wacomanche, mama yake kiongozi wao Quanah Parker. Historia ikawakutanisha. Mwaka 1878 kundi la Wacomanche na Wakiowa lilitoka kwenye eneo walilotengewa, likaja kutafuta nyati wa nyikani, baisani, likakuta wamekwisha. Wakaanza kuchinja ng'ombe wa Goodnight. Yeye na Quanah wakakaa chini wakapatana: ng'ombe wawili kila baada ya siku mbili, mpaka wageni watakapowapata baisani au kurudi. Mapatano yalishikwa. Nayapenda mapatano hayo, lakini nakataa yatumike kufuta yaliyotangulia.

Sasa nifike kwenye mkataba, maana hapa ndipo pesa zako zilipo. Ng'ombe 1,600 korongoni hawakuwa ranchi. Goodnight alihitaji mtaji, akaupata kwa John George Adair, tajiri wa Ireland. Huyu Adair mwaka 1861 aliwafukuza wapangaji wake 244 huko Derryveagh, Donegal, na kuwabomolea nyumba. Mkataba wa mwaka 1877 ulikuwa wa miaka mitano. Adair alitoa pesa, Goodnight akatoa ng'ombe wake wa mwanzo, ujuzi na jasho. Alilipwa mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka. Theluthi mbili za mali zilikuwa za Adair, theluthi moja ya Goodnight, na hata hiyo theluthi aliidaiwa: alipaswa kurudisha gharama yake pamoja na riba kabla haijawa yake. Chapa ikawa JA, herufi za jina la mwenye pesa.

Kibiashara walifanikiwa mno. Ardhi ya mwanzo walinunua kwa senti 75 kwa ekari, na Goodnight alichagua vipande vyenye maji na nyasi nzuri. Anayeshika maji anashika malisho yote yanayoyazunguka, hata yale asiyoyanunua. Miaka mitano ilipoisha, faida ilizidi dola 500,000. Kilele chake kilikuwa ng'ombe 100,000 kwenye zaidi ya ekari milioni 1.3. Hiyo ndiyo tarakimu ya mwanao. Lakini Adair alikufa mwaka 1885, na ushirika na mjane wake, Cornelia, ulipovunjwa mwaka 1887, ranchi ya JA ilibaki upande wa Cornelia. Iko mikononi mwa ukoo wake mpaka leo. Goodnight aliondoka na sehemu yake, akaipunguza kwa kuuza, na pesa nyingi akazitumbukiza kwenye migodi ya Mexico ambayo haikumrudishia. Alifariki tarehe 12 Desemba 1929 akiwa na jina kubwa na mali ya kawaida.

Unaona kwa nini nimeshikilia swali la kundi mwisho wake huwa la nani? Mwenye mtaji na mwenye ujuzi hugawana kwa kadiri maandishi yanavyosema, na maandishi hayo huonyesha makali yake siku mmoja anapokufa au wanapoachana. Katika mpango wa Kasulu wewe si Goodnight. Wewe ndiye Adair, ila Adair mwenye akiba ya miaka minne tu na aliye mbali ng'ambo ya bahari. Adair alikuja na mkewe, wakapanda farasi, wakaliona korongo kwa macho. Wewe unaombwa uamini picha za simu.

Wala siseme rafiki yako si mwaminifu. Mara nyingi ushirika wa ng'ombe hufa bila mwizi yeyote. Chukua mfano wa kupe. Goodnight na wenzake waliona kwamba ng'ombe wa kusini wakipita kwenye malisho yao wakiwa wazima kabisa, ng'ombe wa kwao huanza kufa wiki chache baadaye. Walifunga njia kwa bunduki na kuwaandikia majirani barua za kuwatisha, bila kujua sababu. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne walithibitisha kwamba ugonjwa ule hubebwa na kupe. Kwetu tuna ndugu zake, pamoja na ndigana kali inayoua ndama haraka. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani kutoka mkoa mwingine anaweza kufa Kasulu ndani ya mwezi, rafiki yako akalia kwa kweli, na wewe ukabaki unajiuliza kama ni kweli. Urafiki mwingi umezikwa hapo.

Ukiniuliza mimi, usitume akiba yote. Kama moyo wako umeshaamua, anza na sehemu ambayo ikipotea yote utaweza kulala na watoto watakula. Mitamba miwili au mitatu itakufundisha zaidi kuliko ishirini, kwa sababu kosa litakuwa dogo na mtaweza kulisameheana. Njia nyingine ni kumlipa rafiki yako ujira wa kuchunga na ng'ombe wabaki wako wote. Faida yake ni wazi zaidi, lakini yeye hatakuwa na uchungu wa mali ambayo si yake. Ule utaratibu wa ndama wa nne, au wa pili, humfunga mchungaji kwenye afya ya kundi, na kwa mtu wa mbali kama wewe nauona bora, mradi uandikwe.

Na uandikwe hasa hasa yale ambayo marafiki huona aibu kuyasema. Ng'ombe akifa, hasara ni ya nani, na ushahidi wa kifo ni nini: ngozi, au cheti cha afisa mifugo? Maziwa ni ya nani? Dawa, kuogesha na chanjo analipa nani? Madume yanauzwa lini na kwa idhini ya nani? Ushirika unaisha mwaka gani? Mmoja wenu akifariki, mke na watoto wanapata nini? Goodnight aliitunza familia ya Loving kwa dhamira yake tu. Wako wangapi wa namna hiyo sijui, na mtoto wako asiachiwe bahati.

Kuna mambo ambayo huwezi kuyamaliza kwa simu na mimi siwezi kuyamaliza kwa barua. Kabla ya kutuma chochote, tafuta wakili wa huko Kigoma akuandikie mkataba kwa sheria ya Tanzania, na ushuhudiwe na serikali ya kijiji. Mpate mtu asiye na maslahi aende kuona malisho yenyewe. Uliza waziwazi kama eneo linapakana na hifadhi, kwa sababu mifugo inayokamatwa ndani ya hifadhi huweza kukugharimu faini kubwa au kundi zima. Afisa mifugo wa kata awakague ng'ombe kabla ya kununuliwa, aeleze chanjo ya ndigana kali inapatikana vipi, na kila mnyama avishwe hereni yenye namba iliyo kwenye mkataba. Rafiki yako akikasirikia masharti haya, utakuwa umejifunza jambo muhimu kwa gharama ya simu moja.

Nirudi kwa mwanao, kwa sababu kuna mtu bado hajatajwa vya kutosha. Molly Goodnight, mwalimu wa zamani, aliishi korongoni miezi mingi bila kumwona mwanamke mwingine. Siku moja mchungaji mmoja akamletea kuku watatu ndani ya gunia. Hakuwachinja. Aliwafuga wawe wenzake, akaongea nao, na alikuwa akisimulia jambo hilo hata uzeeni. Yeye ndiye aliyesikia vilio vya ndama wa baisani walioachwa yatima na wawindaji, akamsukuma mumewe awaokoe. Kutoka kwa ndama hao wachache likakua kundi, na vizazi vyake viko leo katika hifadhi ya Caprock Canyons, karibu na Quitaque.

Mpeleke mwanao huko Jumamosi moja. Huko Canyon, kusini ya Amarillo, kuna jumba la makumbusho la Panhandle-Plains, ila lilifungwa kwa wageni mwaka 2025, kwa hiyo ulizeni kwanza kama limefunguliwa tena. Wana nyaraka za wafugaji wa zamani, na likiwa wazi, mkiomba msaada kwa mhifadhi mkiwa mmefika wenyewe, mtapata zaidi ya karatasi yoyote ya shule. Na mtakapopita Goodnight safari hii, msimame makaburini. Utaona vitambaa vya shingoni vimefungwa kwenye uzio wa kaburi lake, kila mpita njia na chake. Kaburi la Molly liko hapohapo kando. Mwache mtoto asome tarehe mwenyewe, kisha umsimulie habari za babu yake na ng'ombe 60: rangi zao, majina yao, na aliwapata kwa nani.